Jina la Tatu Mlangoni

Merrylands, Sydney
Jumapili, 4 Mei 2025

Kaka Wilondja,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Emérance. Kifua chake kinaendeleaje? Alipata dawa? Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza kung'ata na presha yangu inapanda na kushuka inavyotaka. Olivier bado yuko ghalani kule Seven Hills. Vanessa anasubiri mtoto wa pili, na kila chakula kinamnukia vibaya isipokuwa sombe yangu. Natwanga majani ya muhogo mpaka vidole vimekuwa kijani.

Bon. Sasa nikuambie kilichonifanya nikae chini kuandika. Déborah anataka kucheza "Kabla ya Kutoka".

Ndiyo, mchezo wa baba. Kule chuoni Kensington waliwasomesha mchezo wa zamani kuhusu familia moja ya Weusi wa Amerika. Mtoto akanyanyua mkono darasani, akasema hata sisi tunao wa kwetu, babu yangu aliuandika kule Baraka, Kongo, kabla ya vita, unachezwa huu mwaka wa hamsini. Mwalimu wake akafurahi. Sasa ni kazi ya masomo: aandike kwa nini mchezo huu haufi, halafu auchezeshe na watu wetu kwenye ukumbi wa kanisa, hapahapa Merrylands, mwezi wa nane.

Jana akasimama jikoni kwangu kunieleza mchezo wa baba yangu mimi, kana kwamba sijawahi kuuona! Eti nyumba inavunjwa, familia lazima ihame, na mama anasimama mlangoni anasema hatoki mtu mpaka nimewaita wote. Eti babu hakuandika majina, aliacha nafasi, ili mwanamke anayecheza aite watoto wake mwenyewe aliowazaa. Aliye hai anaitika, "Niko, mama." Aliyekufa, ukumbi mzima unamwitikia, "Ametangulia, mama." Hakuna kuruka jina. Hakuna kudanganya. Anasema ndiyo maana haufi. Macho yalikuwa yanamng'aa.

Halafu akasema, "Mama, wewe ndiye utakayesimama mlangoni."

Kaka, nilishika meza. Olivier, Vanessa, halafu wa tatu. Nitaitaje wa tatu? Wewe na mimi na Emérance, na Olivier na Vanessa niliowafunga midomo, tunajua Déborah niliyemzaa amelala wapi. Huyu wa huku ni wako. Ulinipa akiwa mdogo hajui kufunga kamba za viatu, akaingia kwenye karatasi ya mwanangu, na karatasi ikatufikisha hapa. Hajui. Miaka kumi na minne sijawahi kuandika maneno haya. Ukimaliza kusoma, futa.

Nifanye nini?

Mdogo wako,
Léocadie

*

Kambi ya Nyarugusu, Tanzania
Jumanne, 6 Mei 2025

Mdogo wangu Léocadie,

Salamu zako zimefika na zimepokelewa. Mimi ni mzima, macho tu yananisaliti, nasoma simu nikiwa nimenyoosha mkono mzima. Emérance anakohoa. Dawa walimpa, wakampa na tarehe ya kurudi, na akirudi watampa tarehe nyingine.

Nimefuta barua yako, kama ulivyosema. Lakini nilimsomea Emérance kwanza. Usinikasirikie. Mtoto ni wake kabla hajawa wa mtu.

Unajua tulivyofanya. Déborah alipofariki mwezi wa kumi 2009, hukutoa jina lake kwenye kadi ya familia, maana kambi nzima ilikuwa inafanya hivyo. Chakula cha mtoto mmoja kilikuwa kitu. Kisha mwaka uliofuata mkaitwa kwa safari ya Australia, watu wanne kwenye orodha na nyinyi watatu. Ungesema nini pale mezani kwa maofisa? Tukakupa Anésie. Na ili hesabu ya kadi yetu isilete maswali, mimi mwenyewe nilikwenda kuandikisha kwamba Anésie wetu amekufa kwa malaria. Nilitia sahihi kwa mkono huu. Nilidhani ni karatasi tu.

Ila hujui hili, sikuwahi kukuandikia. Krismasi ya 2011, mlipokwisha ondoka, Emérance alisimama mlangoni katika mchezo. Alipofika kwa Anésie alinyamaza. Watu walishasikia habari ya kifo, wakadhani amezidiwa na uchungu, wakamsaidia. Ukumbi mzima: "Ametangulia, mama." Wakamlilia mtoto aliye hai, yuko Sydney anakula mkate na jemu. Tangu siku ile Emérance hajatia mguu kwenye mchezo wa baba. Anasema tulimfungia mtoto mlango.

Nilipomsomea barua yako aliepua sufuria, akaketi. Kisha akaniuliza jambo moja tu: "Huko ataitwa jina gani?"

Kataa, Léocadie. Sema magoti yanakusumbua.

Kaka yako,
Wilondja

*

Merrylands
Jumapili, 8 Juni 2025

Kaka,

Hamjambo hapo? Nimechelewa kujibu, nisamehe. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi wagonjwa wameongezeka na wafanyakazi wamepungua, nainua wazungu wazima kila siku kutoka kitandani mpaka kwenye kiti. Halafu unaniambia niseme magoti!

Nilisema magoti. Mtoto akaniletea kiti. Akasema mama wa kwenye mchezo anaweza kukaa mlangoni, babu hakuandika kwamba lazima asimame. Nikasema shifti. Akapiga simu kazini kwangu yeye mwenyewe, kwa Kiingereza chake kile cha puani, wakanibadilishia ratiba, na yeye wakampongeza juu. Kamati nzima ya akina mama kanisani inajua kwamba mimi ndiye mama. Wameshaanza kushona vitenge.

Lakini hayo si kitu. Unamkumbuka Lazare? Yule mrefu, aliyekuwa anashika kamera ya wamisionari kule kambini? Amehamia huku kutoka Adelaide, anakaa mtaa wa nyuma ya stesheni. Leo alisimama kanisani kujitambulisha, na baada ya ibada akamwambia Déborah, na mimi nasikia, na sahani mkononi: "Mchezo wa babu yako ninao. Niliurekodi zaidi ya mara moja. Nina na ule wa Krismasi 2009."

Kaka, Krismasi 2009 nilicheza mimi. Ulinisihi nisicheze, ilikuwa miezi miwili tu tangu tumzike, nami nikasema nisipomwita pale nitamwita wapi. Nikamwita Déborah. Na ukumbi ukaitikia. Kila mtu anaitikia kwenye hiyo filamu, na wewe uko mbele kabisa unaitikia.

Naogopa. Naogopa serikali, usidhani siogopi. Huku wanaweza kukunyang'anya uraia kwa jambo dogo kuliko hili. Lakini nikikuambia ukweli wangu, si hilo linaloninyima chakula. Naogopa ataniangalia aone mtu baki.

Mdogo wako,
Léocadie

*

Nyarugusu
Jumapili, 15 Juni 2025

Léocadie,

Tunaendelea kwa neema. Emérance amepungua, nguo zinamvaa badala ya yeye kuzivaa. Mimi sijambo.

Mtoto ameniandikia. Adabu tupu, Kiswahili chake kina makosa lakini amejitahidi: "Mjomba shikamoo, mjomba unalala vizuri?" Halafu swali: nani alicheza mama mwaka 2009?

Nilijibu kwamba nimesahau. Mimi, niliyeshika mchezo huu tangu baba afe, ninayejua hata nani alikohoa kwenye onyesho la mwaka gani! Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini wasiseme uongo, na wa kwangu nimemdanganya kwa simu. Akajibu, "Asante Mjomba, si neno." Hilo "si neno" halijanitoka kichwani.

Nenda kwa Lazare. Leo, si kesho. Mwombe filamu ibaki kwake.

Na la pili, nalo hutalipenda. Mwambie mtoto wewe mwenyewe. Keti naye, mpikie, mwambie. Akisikia kutoka kinywani mwako atalia, atakasirika, atapiga mlango, lakini atakuwa amesikia kwa mama. Akiona kwenye filamu atakuwa ameona kwa Lazare. Emérance haombi mtoto arudi, wala haombi aitwe mama. Anataka tu jina lile litamkwe mara moja na aliye nalo aitike. Anasema akifa kabla ya hapo atakuwa amekufa na mtoto amezikwa akiwa hai.

Usinyamaze, nakujua.

Kaka yako,
Wilondja

*

Merrylands
Jumapili, 29 Juni 2025

Kaka,

Mpe pole wifi, mwambie naomba kila asubuhi. Sisi wazima.

Nilikwenda kwa Lazare na keki. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akauliza habari za Baraka kana kwamba nimetoka huko jana. Nikamwambia ile filamu ya 2009 ina mambo ya msiba wetu, nisingependa mtoto aione. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Mama Olivier, mbona nilimpa wiki tatu zilizopita? Nilimpa siku ileile."

Wiki tatu! Nikauliza kama yeye mwenyewe ameitazama. Akasema macho yake hayataki tena skrini, na majina ya watoto wa watu hakuyashika wakati ule, alikuwa anashika kamera. Nikamwamini nusu.

Na mtoto hasemi kitu. Kaka, ni hapo ninapoogopa. Anakuja kila Jumapili kutoka Kensington, kwanza ile treni ndogo, halafu treni kubwa, anafika saa nne, ananibusu. Anakula. Anaosha vyombo. Ananipangia vidonge vya presha kwenye kile kisanduku chenye siku za wiki. Nilimuuliza, filamu ya Lazare umeitazama? Akasema, "Bado, mama, nina kazi nyingi." Huku anafuta sahani iliyokwisha kauka.

Kwenye mazoezi anarudia kila kitu mara kumi, isipokuwa kuita majina. Tukifika hapo anafunga daftari. Anasema majina tutayaacha mpaka siku yenyewe, yasije yakachakaa.

Nilipika kuku ili nimwambie. Nilimwita mezani. Nikamuuliza kama anataka pilipili.

Sikuweza. Nitukane.

Mdogo wako,
Léocadie

*

Nyarugusu
Jumapili, 20 Julai 2025

Léocadie,

Hamjambo? Nimekuandikia mara mbili, naona umesoma, hukujibu. Sitakutukana. Umri wa kutukanana umetupita.

Wiki hii mtoto aliandika tena. Hakuuliza mchezo. Aliomba picha. Nikajua anataka picha yangu nikiwa na daftari la baba, nikavaa koti, nikapigwa. Akashukuru, akasema imetoka vizuri, kisha akasema: "Mjomba, naomba na ya mke wako. Peke yake. Uso tu, na mwanga wa kutosha."

Emérance alijifunga kitambaa kipya. Tulimtoa nje kwenye jua, tukamkalisha. Hakuuliza picha ni ya nini. Alisema tu, "Atayaona masikio." Unajua masikio yake, yale yaliyokaa mbele kidogo. Unajua nani mwingine anayo.

Nimeituma. Nisamehe au usinisamehe. Baada ya hapo mtoto hajaandika tena, na leo ni siku ya nne.

Bado wiki tatu kabla ya mchezo. Muda upo. Léocadie, tafadhali, muda upo.

Kaka yako,
Wilondja

*

Merrylands
Jumanne, 12 Agosti 2025

Kaka Wilondja,

Sijui niwasalimuje. Mko hai? Hilo linatosha.

Mchezo ulikuwa Jumamosi saa nane mchana. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye korido: Wakongo, Warundi, hata Wakenya na sambusa zao, na yule mwalimu wake wa chuo kwenye mstari wa mbele. Baba angefurahi. Nilikaa mlangoni kwenye kile kiti. Walitengeneza mlango wa mbao, ukaegeshwa kwenye jukwaa. Watu walicheka pale pa sufuria, wakanyamaza pale pa barua ya kubomolewa nyumba. Yule mzee wa Kirundi anayeuza samaki wakavu alilia mapema kabisa. Mchezo huu, kaka! Nimeucheza kijana na nimeucheza mjane na bado ulinishika.

Nilikuwa nimepanga. Nilisema nitaita Olivier, Vanessa, Déborah, haraka, kwa sauti moja, yeye ataitika kama mtoto yeyote na yatakwisha.

Nikaita Olivier. Akaitika kutoka nyuma, na sauti yake ya ghalani, "Niko, mama." Nikaita Vanessa, akaitika na mkono kwenye tumbo.

Nikaita Déborah.

Alikuwa kando ya jukwaa, ameshika daftari. Hakusubiri. Alisema wazi, wala hakupaza sauti: "Ametangulia, mama."

Na ukumbi ukafuata. Usiwalaumu, kaka, ni mazoea, watu wale wameitikia hivyo maisha yao yote. Wakisikia mmoja ameanza wanamalizia. Ukumbi mzima: "Ametangulia, mama." Halafu wakasikia walichosema. Nilimwona Olivier anageuka kumtafuta dada yake. Nilimwona Lazare amefunika uso kwa mikono miwili.

Mtoto akaweka daftari chini. Akapanda jukwaani, akaja akasimama mbele yangu, mlangoni, kama anayengoja zamu. Hatoki mtu mpaka ameitwa. Alisimama anaitazama midomo yangu. Machozi yanamtoka na hayafuti. Alikuwa ananipa nafasi. Nilijua ananipa nafasi. Jina nilikuwa nalo, nimelala nalo miaka kumi na minne, herufi zake zote. Nikafungua mdomo.

Kaka, niliona sare za maofisa wa uhamiaji, niliona karatasi, niliona Olivier na Vanessa wanapanda ndege kurudi. Niliona na hili: nikilitamka, si mwanangu tena.

Nikafunga mdomo.

Alingoja kidogo. Kisha akapita pembeni ya kiti changu, akapita kwenye mlango ule wa mbao, akashuka, akatoka kwa mlango wa kweli wa kanisa. Ametoka bila kuitwa. Katika miaka hamsini hakuna aliyewahi kutoka katika mchezo wa baba bila kuitwa.

Watu walisimama wakapiga makofi. Walidhani ndivyo ulivyoandikwa. Mwalimu wake alinishika mikono akasema hajawahi kuona kitu kama hiki.

Simu yake haipokelewi. Nilikwenda Kensington jana, wenzake walinionyesha chumba: kitanda kimetandikwa, begi halipo. Olivier hasemi na mimi. Kaka, kama amewaandikia, niambieni yuko mzima, sitauliza zaidi.

Mdogo wako,
Léocadie

*

Kensington
Jumapili, 31 Agosti 2025

Kwako Shangazi Léocadie,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Presha inaendeleaje? Vanessa ameacha kutapika? Mimi ni mzima. Nilikaa kwa rafiki wiki mbili, sasa nimerudi chumbani. Samahani kama Kiswahili changu kitakwama, nimeandika kwanza kwa Kiingereza halafu nikaona hapana.

Filamu niliitazama siku ileile Lazare aliponipa. Niliitazama mara nyingi. Nilijua kabla ya kuku, kabla ya mazoezi, kabla ya kila kitu. Sikusema kwa sababu nilitaka uniambie wewe. Kila Jumapili nilipanda treni nikisema leo ataniambia. Ule mchezo niliupanga ili uwe na mahali pa kusemea.

Baada ya pale nilimwandikia Mjomba swali moja. Sasa sijui nimwite Mjomba au nani, tutazoea. Nilimuuliza naitwa nani. Hakuandika. Alimpa simu mke wake, naye akanitumia sauti yake. Anakohoa kwanza. Halafu ananiita. Mara tatu. Nikamjibu, "Niko, mama." Waliniambia walicheza jibu langu mpaka simu ikaisha chaji.

Kaburi la Déborah wamelisafisha, wameniletea picha. Halina jina, kwa sababu kwenye karatasi hajafa. Nimeishi kwa jina lake, nimesoma kwa jina lake, hata shahada ingekuwa yake. Nadhani amechoka kunikopesha.

Jumanne nina miadi na wakili. Nitasema yote, mwenyewe, kabla hajasema mtu mwingine. Nilimuuliza kwa simu itakuwaje, akasema hawezi kuahidi kitu, si kwangu, si kwako, si kwa Olivier na Vanessa. Watakupigia au watakuja nyumbani. Wakikuuliza, usiruke jina lolote.

Sijui kama nakuchukia. Kuna saa nakuchukia na kuna saa nakumbuka ulivyonisuka nywele kabla ya mtihani ukiwa umetoka shifti, umesimama.

Vidonge nilikupangia vya wiki tatu, nikakuwekea kwenye droo ya juu, nyuma ya leso. Leo vimekwisha. Mwambie Olivier akununulie vingine, na asikubali ukisema unajisikia vizuri.

Mtoto wa kaka yako,
Anésie